SOMO KWA UMMA: MATUMIZI SALAMA NA UTUNZAJI WA JENERETA NDOGO YA PETROLI

Wananchi wa Unguja wanavikumbuka vyema vipindi viwili vya kukosekana kwa umeme: kile cha Mei hadi Juni 2008, na kile cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika vipindi hivyo jenereta ndogo ya petroli iliingia madukani, maofisini na majumbani mwa watu wengi. Mwaka 2013 waya mpya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulizinduliwa na hali ikawa nyengine. Lakini jenereta haikuondoka. Ingali inawashwa umeme unapokatika, katika shughuli za harusi, na mashambani ambako waya haujafika.

Chombo hiki kina manufaa makubwa. Hata hivyo, kikitumiwa bila ya maarifa kinaweza kuua watu wa nyumba nzima kwa usiku mmoja, bila ya kishindo wala moto. Somo hili limekusudiwa kueleza sababu ya hatari hiyo na njia za kujikinga nayo, pamoja na utunzaji wa injini yenyewe.

1. Moshi wa injini

Injini huchoma petroli pamoja na hewa. Kwa kuwa uchomaji huo haukamiliki, hutoka katika ekzosi gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa, huishika damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuupelekea moyo na ubongo oksijeni inayohitajika. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Wengi hudhani kuwa ni homa au uchovu, wakaenda kulala. Ama aliyekwishalala, huweza kufa kabla hajazitambua dalili hizo.

Kwa hivyo, jenereta isiwashwe ndani ya jengo hata mara moja: si ukumbini, si jikoni, si stoo, wala chini ya ngazi. Kufungua milango na madirisha, au kuwasha feni, hakutoshi kuiondoa gesi hii. Iwekwe nje, pahala pa wazi, masafa yasiyopungua mita 6 kutoka nyumbani, na ekzosi ielekezwe mbali na milango na madirisha.

Wakaazi wa Mji Mkongwe wazingatie jambo hili kwa makini zaidi. Nyumba zimegusana, vichochoro ni vyembamba, na ua wa ndani uliozungukwa na kuta hukusanya moshi kama chumba. Moshi wa jenereta ya mmoja huingia katika dirisha la mwenzake aliyelala. Haki ya jirani ni jambo tulilofundishwa tangu chuoni, na hapa haki hiyo ni uhai wenyewe. Asiyekuwa na pahala pa wazi asiwashe jenereta. Atumie taa ya betri au ya nguvu za jua.

Akionekana mtu ana dalili zilizotajwa, atolewe haraka kwenye hewa safi, injini izimwe, na apelekwe hospitali. Daktari aelezwe kwamba palikuwa na jenereta ikifanya kazi. Watu wengine wote waliokuwemo ndani watolewe pia, hata kama hawajisikii vibaya.

2. Petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni hadi ukakuta moto wa jiko, sigara au cheche ya swichi, ukalipuka mbali na pale mafuta yalipomwagika. Kabla ya kujaza tangi, injini izimwe na iachwe ipoe kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Kujaza kufanywe mchana inapowezekana, na tangi lisijazwe hadi ukingoni, kwani petroli hutanuka kwa joto. Iliyomwagika ifutwe na iachwe ikauke kabla ya kuwasha.

Petroli ihifadhiwe katika chombo maalumu chenye kifuniko kinachobana, nje ya nyumba, mbali na watoto na jiko. Isiwekwe kabisa katika dumu linalofanana na la mafuta ya taa. Makosa ya madumu hayo mawili huleta moto jikoni.

3. Kuunganisha umeme

Wapo wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili ili kuupitisha umeme wa jenereta katika soketi ya ukutani. Jambo hili ni la hatari kubwa. Umeme huo hutoka nje ya nyumba na kurudi kwenye transfoma; na transfoma inayoshusha umeme wa volti 11,000 kwa matumizi ya nyumbani huupandisha tena unapopita kinyume. Fundi aliyepanda nguzoni akiamini kuwa laini imezimwa anaweza kuuliwa na jenereta ya nyumba moja tu. Vyombo viunganishwe moja kwa moja na jenereta kwa waya mzima wa kutosha. Anayetaka kuwasha nyumba nzima afungiwe na fundi mwenye leseni swichi ya kubadilishia, ambayo hairuhusu umeme wa aina mbili kukutana.

Aidha, jenereta isinyeshewe mvua wala kuguswa kwa mikono mibichi. Kinachofaa ni paa lisilo na kuta.

4. Mzigo

Kabla ya kuwasha, jumlisha wati za vyombo vyote. Jenereta ya wati 1,000 haiwezi kubeba pasi ya wati 1,000 pamoja na taa. Friji na pampu ya maji huhitaji, wakati wa kuanza, nguvu mara kadhaa kuliko zile zinazotumika baadae. Washa injini kwanza, iache itulie, kisha unganisha vyombo kimoja kimoja, ukianza na kikubwa. Wakati wa kuzima, ondoa vyombo vyote kabla ya injini.

5. Utunzaji

Injini yenye pahala pake pa oili ipimwe kila kabla ya kuwashwa, ikiwa imesimama sawa. Kwa injini nyingi za aina hii, oili ya mwanzo hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, na baada ya hapo kila saa 100 au miezi 6. Injini ndogo zinazochanganyiwa oili katika petroli zifuate kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Kichujio cha hewa kisafishwe kila saa 50, na mapema zaidi penye vumbi au mchanga. Plagi ya injini itolewe na isafishwe masizi, na nafasi yake ipimwe, ambayo kwa kawaida ni milimita 0.7 hadi 0.8. Jenereta itakayokaa zaidi ya mwezi bila ya kutumika imwagwe petroli katika tangi na kabureta, kwani petroli iliyokaa huacha utando unaoziba njia zake. Injini inayotoa moshi mweusi inachoma vibaya na hutoa gesi ya sumu kwa wingi zaidi. Ipelekwe kwa fundi.

Maofisi ya Serikali yanashauriwa kumkabidhi jenereta mtumishi mmoja anayeijua, na kuweka daftari la saa za kazi, tarehe za kubadilisha oili na matengenezo. Majumbani, mkubwa wa nyumba awe ndiye mwenye dhamana hiyo, na watoto wasiachiwe kuwasha wala kujaza mafuta. Kila atakayesoma somo hili anaombwa amsomee na jirani yake.