Mtu na Nyumba Yake

Zamani za utumwa, mtumwa hakuwa na nyumba. Alilala chini ya paa, na pengine paa hilo aliliezeka kwa mikono yake mwenyewe, lakini nyumba ilikuwa ya bwana wake. Bwana akitaka, alimhamisha leo. Akitaka, alimwuza kesho, naye akatengwa na mkewe na watoto wake. Vyote alivyokuwa navyo vilihesabiwa kuwa mali ya bwana. Kwa hiyo mtumwa hakuwa na sababu ya kupanda mti mlangoni. Nani atapanda mwembe, naye hajui kama atakuwapo hata uzae?

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa likafungwa. Watu wengi waliookolewa katika majahazi ya wauza watumwa walitiwa mikononi mwa misheni, na wengine wakakaa Mbweni, karibu na mji wa Unguja. Walikuwa huru, lakini wengi walitamani kurudi bara walikotoka. Basi mwaka 1876 Askofu Edward Steere akafunga safari pamoja na kundi lao, waume kwa wake. Wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu hata wakafika Masasi, penye milima ya mawe na udongo mzuri. Nia ilikuwa kwenda mbele zaidi, lakini walipopaona mahali pale wakapendezwa, wakaona heri wakae papo hapo.

Wakakata miti, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito kwa kamba, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi. Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo, na tajiri wa mjini angaliziona si kitu. Lakini kwa mtu aliyepata kuuzwa, mlango anaoufunga mwenyewe usiku na kuufungua mwenyewe asubuhi ni jambo kubwa sana.

Mwezi wa Septemba mwaka 1882 likaja balaa. Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa moto, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Baadhi ya waliosalia wakahamia Newala. Hata hivyo baadhi ya mateka wakakombolewa, na Masasi haikufa. Palijengwa tena, na leo ni mji katika Mkoa wa Mtwara. Moto ulichukua nyasi na fito. Haukuchukua ujuzi wa kujenga, wala hamu ya mtu kuwa na kwake.

Pengine mtu atauliza: Nyumba ina faida gani, maadamu chumba cha kupanga kipo? Kupanga si aibu, na mtu aliye safarini au aliye kazini mbali na kwao hana budi kupanga. Lakini kodi ya mwezi uliopita imekwisha kwenda zake, wala hairudi. Fedha iliyonunua bati au mlango wa nyumba yako ipo. Unaiona kila siku, na mvua ikinyesha inakukinga.

Tena, mwenye nyumba huitunza. Akiona ufa huuziba upesi, maana ajua kwamba asipoziba ufa atajenga ukuta, na gharama itakuwa yake. Akiona maji yamesimama uani, huchimba mfereji, mbu wasipate mahali pa kuzaliana. Hupanua dirisha ili hewa ipite, na choo hukichimba mbali na kisima. Basi watu wa nyumbani mwake hupata afya. Naye hupanda miti. Mwembe uliopandwa kwa kokwa waweza kukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa, na mwenye subira hiyo ni yule ajuaye kwamba hatahamishwa.

Faida nyingine ni ya jamaa. Mzee aliyechoka hupata pa kulala, na mgeni hupata kiti barazani. Mtoto asiyehamahama hukaa katika shule moja mpaka amalize. Na baba akifariki, mama na watoto hawatoki njiani na mizigo yao kichwani.

Lakini ili iwe hivyo, haitoshi kujenga tu. Imepasa haki iandikwe. Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema kwamba haki ya mwanamke ya kupata ardhi na kuimiliki ni sawasawa na ya mwanamume. Kijijini mtu aweza kupata hati ya haki miliki ya kimila. Basi kabla ya kuweka msingi, mwenye busara huuliza kwa wazee na majirani mpaka uko wapi, kisha huenda kwenye ofisi ya kijiji na kutafuta hati. Wajane wengi wamefukuzwa katika nyumba walizozijenga pamoja na waume zao, kwa sababu hakuna karatasi iliyotaja majina yao.

Nyumba haijengwi kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka huu mawe ya msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu paa. Kijana anayeanza kazi na aweke akiba kidogo kila mwezi, wala asione haya kuanza na chumba kimoja. Waliojenga Masasi walianza na shoka, jembe, na mikono yao.

MASWALI
1. Kwa nini mtumwa hakuwa na sababu ya kupanda mwembe?
2. Watu wa Masasi walipatwa na nini mwaka 1882?
3. Taja mambo matatu ambayo mwenye nyumba hufanya ili jamaa yake wapate afya.
4. Kwa nini yafaa jina la mke liandikwe katika hati pamoja na la mume?