Kabla Trela Haijafungwa, Zungumzeni

Mdogo wangu wa Kinna, barua yako nimeisoma mara mbili. Mumeo amepata kazi ya ualimu Loiyangalani, mmeazima pikapu na trela, na shemeji yako ndiye dereva. Unauliza ubebe nini. Lakini mwishoni umeandika kwamba shemeji hapendi kuelekezwa barabarani na mwanamke, na mimi naanzia hapo. Wewe na wanao mmo ndani ya gari hilo. Kubalianeni nyumbani, kabla ya safari: usiku hamtembei, kwa sababu ngamia hulala juu ya lami na huwaoni mpaka mmewafikia. Na ukisema simama, gari linasimama. Mwombe mumeo amwambie nduguye hayo kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa mzigo. Kabati liache kwa mama. Kitanda kifunguliwe, mbao zilazwe chini. Magunia yakae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mkirundika vizito nyuma, trela itayumba, na ikianza kuyumba shemeji asikanyage breki ghafla. Aachie mafuta polepole na usukani aushike umenyooka mpaka itulie. Mwenye trela awape na karatasi zake, maana ina namba yake ya usajili, ile inayoanza na Z.

Njia ya Kinna hadi Kula Mawe itatingisha kila nati, kwa hiyo Isiolo msipite tu. Kazeni kamba, tazameni mnyororo wa usalama, taa na tairi. Shemeji asogeze mkono karibu na beringi za trela. Upande mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake, fundi aufungue hapo hapo. Na tafadhali hakikisheni trela ina spea yake. Gurudumu la pikapu mara nyingi haliingii kwenye trela, na watu huligundua hilo wakiwa juani, mbali na kila duka.

Kutoka Isiolo kupitia Archers Post na Merille hadi Laisamis ni lami nzuri, na uzuri wenyewe ndio unaowafanya madereva wasahau kwamba wanavuta kitu. Laisamis mnaiacha lami na kushika njia ya South Horr. Kampuni ya umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ilipotaka kupeleka mitambo yake 365, ilitengeneza kwanza kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis, ndipo matrela yenye mapanga ya zaidi ya mita 20 yakapita. Mradi ulizinduliwa 2019. Wenye mashine na mainjinia hawakuidharau njia hiyo, nanyi msiidharau.

Laga, ile mikondo mikavu ya mito ya msimu, ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mvua inanyesha milima ya Ndoto, ninyi mko juani hamna habari, kisha maji mekundu yanashuka na magogo. Msivuke. Trela inaweza kuelea na kulivuta gari pembeni. Ngojeni upande huu hata kama ni saa nyingi, pikeni chai, watoto walale. Shemeji akisema anajua kina cha maji, hapa ndipo lile neno lako la simama linapofanya kazi.

Mkikaribia ziwa, upepo ni mkali kweli. Turubai liwe limebana pande zote, na mzigo usipande juu kuliko kichwa cha pikapu.

Maji, dawa, vyeti vya mwalimu na chakula cha watoto vikae ndani ya gari, visiwekwe kwenye trela. Mambo yakiharibika mtaifungua trela muiache, muende na gari mtafute msaada, na hamtataka maji yawe yamebaki nyuma pamoja na magodoro. Laisamis mpigie mama simu umwambie mnakusudia kulala wapi usiku huo, maana mbele ya hapo mtandao hukatika.