SOMO LA LUGHA: "KENIA", "KEGNIA" NA "KIINYA"

Wanafunzi wengi wakikuta jina "Kenia" katika ramani ya zamani ya Kiingereza hudhani kuwa mchapaji amekosea. Na wakimsikia Mwingereza mzee akitamka "Kiinya", hucheka na kusema kwamba hajui jina la nchi. Yafaa tutazame asili ya maneno haya, maana hayakuzuka bure, na chanzo chake kimo Ukambani.

Mwaka 1849 Dk. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuwa mmisionari wa Kiingereza huko Rabai karibu na Mombasa, alisafiri mpaka Kitui, kwa Kivoi, mfanya biashara mkuu wa Wakamba. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, na Krapf akauona kwa mbali, vilele vyake viwili vimesimama kama pembe. Huko Ulaya baadhi ya mabingwa walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Joseph Thomson alipofika karibu na mlima mwaka 1883, neno la Krapf lilithibitika.

Wakikuyu huuita mlima huo Kĩrĩnyaga. Wakamba huuita Kĩĩnyaa, bila ya sauti za r na g. Krapf aliandika jina kama alivyolisikia Ukambani: mara "Kenia", mara "Kegnia", akitumia herufi gn kwa sauti ya ny, kama Wafaransa wafanyavyo.

Mbona aliandika e, na si i? Msomaji wa Kitui au Makueni atafahamu upesi. Kikamba kina vokali saba, hali Kiswahili kina tano. Ile ĩ ya Kikamba husimama katikati ya i na e. Mgeni asiyeizoea husikia moja kati ya hizo mbili, na akiiandika kwa herufi za kwao, hapana budi achague. Kwa hiyo tofauti hii haikutokana na uzembe. Ni sikio la mgeni lililopambana na sauti lisiyokuwa nayo.

Mwaka 1920 nchi iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki ilipewa jina la Koloni ya Kenya, na maandishi yakatulia kwa herufi ny. Lakini matamshi hayakutulia. Waingereza wengi wa zama za ukoloni walisema "Kiinya". Baada ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, matamshi ya wenyeji, "Kenya" yenye e fupi, yalienea hata kwa Waingereza. Leo "Kiinya" ni nadra, na masikioni mwa wengi huleta kumbukumbu ya utawala wa kikoloni. Wajerumani nao wangali wakiandika "Kenia" katika lugha yao, wala kwao si kosa.

Basi mwanafunzi ashike mambo haya matatu:

1. Katika maandishi yako ya leo, kwa Kiswahili au Kiingereza, andika "Kenya".

2. Ukinakili hati au ramani ya zamani, acha neno kama lilivyo. Ukilisahihisha, utakuwa umeufuta ushahidi wa wakati wake.

3. Ukimsikia mtu akisema "Kiinya", elewa maana yake. Wewe usiige.

Jambo hili halihusu mlima peke yake. Jina la Masaku liligeuka kuwa Machakos vinywani mwa wageni, na mpaka leo ndilo jina la mji. Kadhalika majina ya watu na vijiji yaliandikwa na makarani kwa jinsi walivyosikia. Kwa hiyo jina la babu yako likiwa na herufi ngeni katika karatasi ya zamani, usiitupe karatasi hiyo kwa kudhani si yake. Litamke kwanza kwa sauti, ukisikiliza kwa sikio la lugha ya nyumbani. Huenda ni lile lile.