Kwa Nini Diski Inakataa Kufungwa?

Baadhi yenu sasa mnaweka hesabu za michango na mikopo kwa kompyuta ya Linux, na swali moja linatufikia mara kwa mara. Jioni mwandishi anataka ile sehemu ya diski yenye hesabu iwe ya kusoma tu, ili achukue kopi bila kitu kubadilika katikati, na stima ikipotea hesabu zisiharibike. Anaandika mount -o remount,ro na jina la sehemu hiyo. Kompyuta inajibu kwamba mahali hapo pana shughuli. Inakataa kabisa.

Si ati imeharibika. Fikirieni kitabu cha kikundi. Mwenyekiti anasema, "Mama, funga sanduku," na mweka hazina bado ameshika kalamu: ameandika jina la mwanachama lakini hajaandika shilingi. Mkifunga kwa nguvu, mtu amepoteza pesa yake. Linux nayo huingojea programu yoyote iliyofungua faili kwa kuandika. Anayesoma tu hazuii.

Lakini kuna mtego, na hapa ndipo wengi wetu tulikwama: faili iliyofutwa. Kufuta ni kuondoa jina kwenye orodha tu. Yaliyomo yanabaki mpaka programu ya mwisho inayoitumia iiachilie, ndipo nafasi yake irudishwe. Na kurudisha nafasi ni kuandika kwa diski! Kwa hivyo faili iliyofutwa inazuia hata kama inasomwa tu. Hii hutokea sana mkishaweka toleo jipya la programu. Faili za zamani zimeondolewa, lakini programu iliyowashwa asubuhi bado imezishika. Unaangalia orodha, huoni kitu, unaanza kumlaumu fundi bure.

Ingieni kama msimamizi, muandike lsof +L1. Itawaonyesha faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa, na programu iliyozishika. Amri ya fuser -vm pamoja na jina la sehemu ya diski inaonyesha wote wanaoitumia; penye herufi kubwa F, hiyo imefungua faili kwa kuandika. Ifungeni programu hiyo kwa utaratibu wake, au muizime na kuiwasha upya, kisha mrudie amri ya kwanza. Msichomoe waya wa stima, tafadhali. Ikishindikana, zimeni kompyuta kwa utaratibu, muiwashe, na mjaribu kabla mtu hajafungua hesabu. Mkimaliza kopi, remount,rw inawarudisha kwenye kuandika.