Pakacha, Kanda na Ukambaa: Ususi wa Pwani ya Kusini ya Kenya kama Ufunguo wa Methali

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana na methali kabla hajakutana na vitu vilivyoizaa. Hufunzwa kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, akaandika maana yake katika daftari, akafaulu mtihani, na bado asijue pakacha ni chombo cha namna gani wala ni kwa nini livuje. Makala haya yanashughulikia pengo hilo. Yanateua methali tatu zinazotumia msamiati wa ususi na kuzifasiri kwa kurejelea kazi yenyewe kama inavyojulikana katika Kwale, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Vanga, eneo la Wadigo, Waduruma, Wasegeju, Wavumba na Wachifundi. Hoja kuu ni kwamba maana ya methali hizi haimo katika maneno peke yake. Imo pia katika jani, katika namna lilivyosukwa, na katika muda ambao chombo kilikusudiwa kudumu.

Malighafi na hatua za kazi

Ususi wa pwani hutegemea hasa mimea mitatu ya jamii ya minazi. Wa kwanza ni mnazi wenyewe, unaotoa makuti na makumbi. Wa pili ni mkindu, unaopenda mahali penye unyevu, kandokando ya vijito na mabonde. Wa tatu ni mkoma, uitwao pia mkoche au mwaa, unaostahimili nyanda kavu. Majani ya mkindu hutoa ukindu. Ya mkoma hutoa miyaa.

Msusi huchagua majani machanga ambayo hayajakunjuka, kwa kuwa hayo ni laini na hayavunjiki upesi. Majani huanikwa juani hadi yageuke meupe. Yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa pamoja na rangi hiyo. Kisha huchanwa vipande vyembamba viitwavyo chane. Chane husukwa zikawa ukili, yaani utepe mrefu wenye upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukili huo ndio unaoshonwa, ukingo kwa ukingo, ukawa mkeka, kikapu, kanda au kawa.

Inafaa izingatiwe hapa kwamba vitenzi vitatu, kuchana, kusuka na kushona, vinataja hatua tatu zisizobadilishana nafasi. Kikapu cha ukili husukwa kwanza, kisha hushonwa. Mhakiki wa fasihi anayetumia istilahi ya msuko kwa mpangilio wa matukio katika hadithi ameazima neno katika kazi hii hii ya mikono. Pengine angefaidika kwa kukumbuka kwamba kusuka ukili mzuri hakutoshi. Mkeka huharibika pia kwa mshono mbaya.

Methali ya kwanza: Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi

Pakacha halitengenezwi kwa ukili. Husukwa kwa kuti bichi la mnazi, mara nyingi papo hapo chini ya mti, na mtu anayetaka kubeba nazi, maembe au mihogo. Halihitaji sindano, rangi wala kuanikwa. Ni chombo cha safari moja au mbili, kisha hutupwa. Kwa kuwa kuti husukwa likiwa bichi, hunywea linapokauka, na nafasi kati ya majani yake zikapanuka. Kuvuja, basi, si ajali ya pakacha. Ni tabia yake.

Ufahamu huo hubadilisha namna ya kuisoma methali. Mwenye mali na mchukuzi wanatazama tundu moja kwa macho mawili. Kila kinachoanguka ni hasara ya mmoja na wepesi wa mwingine. Isitoshe, mchukuzi hakulitoboa pakacha. Amepata nafuu bila kutenda kosa. Fasiri ya kawaida kwamba hasara ya mtu ni faida ya mwenzake ni sahihi, lakini haionyeshi jambo hili la pili: mwenye mali ndiye aliyechagua chombo rahisi.

Methali ya pili: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Kanda ni mfuko wa ukili ulioshonwa, mpana chini na mwembamba juu, uliotumika kutilia nafaka na mazao mengine. Usufi ni nyuzi nyepesi zinazotoka katika tunda la msufi, ambazo watu hujazia mito na magodoro. Kanda lililojaa mtama humlemea mtu. Likijazwa usufi, umbo lake hubaki lile lile, lakini huinuliwa kwa mkono mmoja.

Nguvu ya methali inatokana na ukweli kwamba kanda halioneshi kilichomo. Atazamaye kwa mbali huona ukubwa, hapimi uzito. Kwa hiyo anayedharau taabu ya mwenzake huenda si katili. Amelitazama kanda kwa nje, akadhani limejaa usufi.

Msomaji wa leo ana kikwazo kingine. Neno kanda limezoeleka kwa maana ya eneo la nchi, na pia kwa maana ya ukanda wa kunasia sauti. Maana hizo zinapokuwa ndizo za kwanza kumjia akilini, picha ya methali hupotea, akabaki kukariri jibu asilolielewa.

Methali ya tatu: Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa

Hii ndiyo methali inayowatatiza wanafunzi zaidi. Kamba inayokusudiwa ni ile ya makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa katika matope ya ufuoni kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa hadi nyuzi zikajitenga, kisha zikasokotwa. Nyuzi hizo hustahimili maji ya chumvi. Ndizo zilizotumika kushonea mbao za mitepe, vyombo vya kale vya pwani ambavyo tanga lake lilikuwa la mkeka. Ukambaa, kinyume chake, ni kamba ya majani yaliyosukwa, ifaayo kufungia mzigo mwepesi.

Kwa hiyo methali haisemi kwamba kila cha kale ni bora. Inasema kwamba uchakavu wa kitu kimoja hauwezi kulinganishwa na upya wa kingine iwapo asili zao hazilingani. Kamba iliyochakaa ingali kamba. Ukambaa mpya ungali jani. Mwalimu anayeifasiri kwa kusema tu kwamba wazee huwashinda vijana ameuacha msingi wa ulinganisho, ambao ni malighafi na kazi iliyotiwa ndani yake.

Msamiati uliosalia na ulio hatarini

Si maneno yote ya ususi yanayofifia kwa kasi moja. Neno makuti lingali hai Diani, kwa sababu hoteli za ufuoni huezekwa makuti, hata wageni wakalizoea. Kikapu nacho kina soko miongoni mwa watalii. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, vyombo vya asili vilipata nafasi mpya. Hata hivyo, mnunuzi hununua kikapu kizima. Hanunui chane, ukili wala mshono. Jina la bidhaa hudumu sokoni, ilhali majina ya hatua zake hubaki kwa msusi peke yake.

Misitu ya Kwale imepata walinzi. Kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo ya kusini mwa Diani ikiwa mojawapo, huhifadhiwa kwa miiko ya wazee, na mwaka 2008 UNESCO iliiorodhesha misitu hii kuwa Urithi wa Dunia. Msamiati wa ususi hauna mlinzi wa namna hiyo ila wasemaji na wasomi wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pakacha, kanda na ukambaa si mapambo ya methali bali ni hoja zake. Inapendekezwa kwamba ufundishaji wa methali uanze na chombo ndipo uende kwenye maana, na kwamba wanafunzi wanaofanya utafiti nyanjani wakusanye maneno ya hatua za kazi pamoja na majina ya bidhaa. Wasusi wenye maneno hayo wengi wao ni watu wazima. Anayekusudia kuwauliza asingoje.