Nusu Siku Kisiwani Patmo: Unakwenda Kutazama, au Umetumwa Kuona?



Masomo yetu leo ni Ufunuo 1:9-11 na 1 Yohane 1:1-3. Fungua Biblia yako kwanza, soma polepole, halafu urudi hapa. Hatuna haraka.

Tuseme umepata nafasi. Labda unasoma Ulaya, labda unafanya kazi kwenye meli za kitalii, labda ndugu yako amekualika likizo Ugiriki. Meli inatia nanga Patmo asubuhi na itaondoka mchana. Bandarini kuna madereva wanaosubiri. Ukilipa, gari ni lako wewe na wenzako kwa masaa kama manne. Mwenyeji anakuzungusha, anakuonyesha kisiwa chake, anakurudisha bandarini kabla meli haijapiga honi. Hiyo ndiyo ziara ya binafsi ya nusu siku. Hakuna kundi la watu hamsini, hakuna kukimbizana nyuma ya mtu aliyeinua kibendera.

Sasa swali: ndani ya hayo masaa manne, wewe ni nani? Mtalii au hujaji? Na je, Mkristo anaweza kulipia matembezi ya namna hiyo na bado akalala na amani moyoni?

1. Kisiwa ambacho macho hukimaliza mapema

Patmo (kwenye tiketi utaona Patmos) ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Aegea, kilomita za mraba 34 hivi, chenye wakazi kama 3,000. Hakina uwanja wa ndege, kwa hiyo kila anayefika amepita baharini. Kiko karibu zaidi na pwani ya Uturuki kuliko na jiji la Athene.

Dereva atakuchukua Skala, mji wa bandari. Barabara inapanda mlima, na katikati ya mpando unakutana na Pango la Ufunuo. Unashuka ngazi, unapita kikanisa cha Mtakatifu Anna, unaingia kwenye mwamba. Mapokeo ya pale yanasema Yohane aliyapata maono humo. Watakuonyesha mwamba uliopasuka sehemu tatu, ambao waamini huuona kama ishara ya Utatu Mtakatifu, na mahali ambapo inasemekana mzee huyo aliweka kichwa chake kupumzika.

Ukiendelea juu unafika Chora, mji wa nyumba nyeupe na vichochoro vyembamba. Juu yake imesimama Monasteri ya Mtakatifu Yohane, iliyoanzishwa mwaka 1088 na mmonaki Christodoulos baada ya Kaisari Alexios I Komnenos kumkabidhi kisiwa. Kwa mbali utadhani ni ngome ya kijeshi, kwa sababu wamonaki walihitaji kujilinda dhidi ya maharamia. Ndani kuna maktaba inayotunza, pamoja na mengine mengi, kurasa za Injili ya Marko za karne ya 6, zilizoandikwa kwenye ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Mwaka 1999 UNESCO iliiweka monasteri, pango na mji wa Chora kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ukishuka, dereva anaweza kukupitisha ghuba ya Grikos uone bahari ilivyotulia, halafu Skala tena. Basi. Kwa macho, umemaliza.

2. Mtu ambaye hakukata tiketi

Yohane hakwenda Patmo kutembea. Yeye mwenyewe anasema katika Ufu 1:9 kwamba alikuwa kisiwani kwa ajili ya neno la Mungu na ushuhuda wa Yesu, na anajiita ndugu na mshiriki wa mateso pamoja na wasomaji wake. Warumi walikuwa na desturi ya kuwaondoa watu waliowasumbua na kuwapeleka visiwani. Mtakatifu Ireneo, aliyeishi karne ya 2, anasema maono haya yalionekana mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitiano, aliyetawala mwaka 81 hadi 96. (Kama Yohane huyu ndiye Mtume yule yule mwana wa Zebedayo, mapokeo mengi yanasema ndiyo. Swali hilo liliulizwa tangu zamani, hata na Askofu Dionisio wa Aleksandria katika karne ya 3. Somo letu halisimami wala kuanguka kwa jibu lake.)

Sasa angalia vizuri. Mtu amezungukwa na maji pande zote. Ng'ambo ya maji hayo, katika nchi inayoitwa leo Uturuki, yako makanisa aliyoyapenda: Efeso, Smirna, na mengine hadi yanatimia saba. Hawezi kuwafikia. Inafika Siku ya Bwana, yaani Dominika, siku ambayo jumuiya zake zinakusanyika naye hayupo. Hapo hapo anasikia sauti nyuma yake. Na sauti inamwambia nini? Kile atakachokiona akiandike kitabuni, akipeleke kwa yale makanisa saba.

Umeiona hiyo? Agizo la kuwapelekea wengine limetangulia maono. Kabla hajageuka kuona chochote, Yohane ameshaambiwa ni cha nani. Hakuna ono hata moja Patmo lililokuwa la binafsi.

3. Macho yanataka nini?

Aristotle anaanza kitabu chake cha Metafizikia kwa kusema kwamba kila mtu kwa maumbile yake anatamani kujua, na ushahidi ni jinsi tunavyofurahia kuona hata pasipo faida yoyote. Mgiriki huyo alisema kweli. Kupenda kuona mahali pageni si dhambi, ndivyo tulivyoumbwa. Mungu mwenyewe katika Mwanzo 1 alitazama alichokifanya na kuona ni chema.

Lakini Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, anatuwekea alama ya tahadhari. Anashangaa jinsi watu wanavyosafiri kwenda kustaajabia vilele vya milima na mawimbi ya bahari, huku wakijipita wao wenyewe bila kujitazama. Mbele kidogo katika kitabu hicho hicho anazungumzia tamaa ya macho, maneno yanayotoka 1 Yohane 2:16. Tamaa hiyo haihitaji kitu kibaya cha kutazama. Inaweza kulishwa hata na ikoni ya Mtakatifu. Ukifika pangoni ukiwaza tu picha gani utaweka kwenye status yako, umeingia mahali patakatifu ukiwa na njaa ile ile ya kusogeza simu kwa kidole usiku wa manane. Umebadilisha kioo tu.

Kwa hiyo tofauti ya mtalii na hujaji haiko kwenye gari wala kwenye bei. Kuna mtu anayefika kwa miguu, na akafika na kiburi cha miguu yake. Kuna mwingine anafika na gari lenye kiyoyozi, na akapiga magoti kwa machozi. Mimi naona tofauti iko hapa: mtalii anajionea, hujaji anawaonea wengine.

4. Neno moja la Kigiriki

Wagiriki wa kale walikuwa na mtu waliyemwita *theoros*. Huyu alikuwa mjumbe. Mji wake ulimtuma kwenda kuhudhuria sikukuu za kidini au kwenye mahali pa ibada pa mbali. Alitazama kwa niaba ya wenzake waliobaki nyumbani, halafu alirudi kuwaambia. Kutoka kwenye jamii hiyo ya maneno wanafalsafa wakapata neno *theoria*, yaani kutazama ukweli kwa akili na moyo uliotulia.

Mimi hili limenisaidia sana kumwelewa Yohane. Ule mwanzo wa waraka wake wa kwanza unakwenda hivyo hivyo: kile tulichokisikia, tulichokiona kwa macho, tulichokishika kwa mikono, hicho tunawatangazia, ili nanyi muwe na ushirika nasi. Anaona ili kuwe na ushirika. Jicho la Mkristo ni jicho la mjumbe.

Hapo swali la pesa nalo linapata jibu. Usiulize tu, "Je, ninazo?" Uliza pia, "Nikirudi, nani atakuwa amepata kitu?" Ukiona kwamba kwa gharama hiyo nyumbani kuna mtu atakosa dawa au ada, jibu unalo tayari, na Patmo haitakuhukumu kwa kutofika. Lakini kama ni halali yako na umeitunza, nenda kwa shukrani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2691, inatukumbusha kwamba hija ni mfano wa safari yetu kuelekea mbinguni na ni nafasi ya kufufua sala. Usiogope kufurahi.

5. Masaa manne, hatua nne

*Andika majina saba.* Yohane alikuwa na makanisa saba, wewe chukua watu saba. Mama yako, rafiki mliyekosana, mgonjwa wa jumuiya yenu ndogondogo, yule aliyeacha kusali. Waandike kwenye karatasi kabla meli haijatia nanga. Pangoni, badala ya kutoa simu, toa karatasi. Wataje mmoja mmoja.

*Msalimie dereva kama mtu.* Ziara ikiwa ya binafsi, kuna kishawishi cha kumfanya mwenyeji sehemu ya gari. Muulize jina lake. Muulize wao husherehekeaje Pasaka kisiwani. Umesafiri bahari nzima kutafuta mtume aliyesisitiza upendo wa ndugu. Usimpite ndugu aliyeshika usukani.

*Heshimu nyumba ya wenyewe.* Patmo ni ya Waorthodoksi, chini ya Patriarki wa Konstantinopoli. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Ulizia mapema saa za kufungua, na ukiambiwa hakuna picha, hakuna picha. Unaweza kuwasha mshumaa na kusali kimya. Kanisa Katoliki linakiri kwamba sakramenti zao ni za kweli, lakini umoja wetu haujakamilika, kwa hiyo usijipange kukomunika. Maumivu hayo yatolee sadaka. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarki Athenagora waliziondoa hukumu za kutengana za mwaka 1054, ili zisahauliwe. Mlango umefunguliwa, safari bado. Ongeza nia hiyo kwenye majina yako saba.

*Tenga robo saa bila maelezo.* Mwambie dereva kwa upole, "Naomba dakika kumi na tano peke yangu." Hiyo ndiyo faida halisi ya ziara ya binafsi: hakuna kundi linalokusukuma. Kaa ukutani pale Chora, tazama bahari, soma Ufunuo sura ya 1.

6. Na sisi tusiokwenda?

Wengi wetu tunaosoma hapa hatutafika Patmo. Sawa. Yohane naye asingechagua kuwa pale. Labda kisiwa chako ni kitanda cha hospitali, kazi ya ulinzi wa usiku, au chumba cha kupanga katika mji ambao hakuna anayekujua kwa jina. Watu unaowapenda wako ng'ambo, na katikati kuna maji. Neno la Mungu linakuambia kwamba Dominika inafika hata huko, na kwamba unachoonyeshwa huko kinaweza kuwa chakula cha wengine. Lile pango lilikuwa adhabu kabla halijawa mahali pa hija.

Halafu kuna kitu kizuri mwishoni mwa kitabu. Katika Ufu 21:1 Yohane anaona mbingu mpya na nchi mpya, na anasema bahari haipo tena. Wataalamu wa Maandiko wanatueleza kwamba bahari ni picha ya vurugu na uovu, na wako sahihi. Lakini nadhani mzee wa kisiwani aliona pia jambo la karibu zaidi: siku ambayo hakutakuwa na maji kati yake na watu wake.

Maswali ya kutafakari

1. Picha za mwisho tano ulizopiga, ulizipiga kwa ajili ya nani?
2. Ni nani amewahi kukuonea jambo jema na akarudi kukuambia?
3. "Kisiwa" chako leo ni kipi, na majina yako saba ni yapi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyemtembelea mtumishi wako katika upweke wa Patmo, tutakase macho yetu. Tukisafiri, tusafiri kama watu waliotumwa. Tukibaki, tubaki kama watu wanaosikiliza. Uwakumbuke wote walio ng'ambo ya maji, uyaunganishe Makanisa yako, na utufikishe pale ambapo hatutatengana tena. Amina.

Mtakatifu Yohane, utuombee.

Andika majina yako saba leo, kabla hujalala. Tukutane kwenye somo lijalo. Ni mimi frateri wenu.