Kuupiga Mji Picha Ukawa Kama wa Kuchezea

Ziko picha za mji ambazo mtu akizitazama huapa kwamba huo si mji, bali ni mfano uliotengenezwa kwa karatasi ngumu na gundi, kama vile vigari vya waya wanavyovitengeneza watoto wetu. Kumbe ni mji wenyewe! Mimi huzipiga picha za namna hii siku za likizo, na napenda kuwaeleza wenzangu siri yake, maana ni somo la fizikia wala si uchawi.

Siri imo katika jicho. Shika kalamu karibu na uso wako, uikazie macho: ukuta ulio nyuma utafifia. Kisha utazame mlima Masaba: miti, majabali na mabonde yote yaonekana wazi pamoja. Lenzi nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 50 iliyofungwa hadi f/8 ikilenga kitu kilicho umbali wa nusu mita, sehemu iliyo wazi ina kina cha sentimita 4 na kidogo tu. Ikilenga umbali wa mita 50, kila kitu tangu mita 9 hadi upeo wa macho huwa wazi. Basi mji wa mbali ukionyeshwa na ukanda mwembamba ulio wazi, na ukungu juu na chini, akili husema: kitu hiki ki karibu, kwa hiyo ni kidogo.

Wenye fedha hutumia lenzi inayoinama. Kanuni yake huitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria, aliyeieleza mwaka 1904. Naye hakutafuta mchezo, alitaka kunyosha picha za ramani zilizopigwa kutoka angani. Sisi tuna simu, na programu nyingi za picha zaweza kutia ukungu huo.

Lakini sharti usimame juu. Ukiwa barabarani, bodaboda itabaki bodaboda. Hapa Mbale tumebahatika, kwa kuwa Wanale imeuinamia mji kama mtu anayechungulia sinia. Jinja ni tambarare zaidi, hivyo hutafuta ghorofa inayoelekea Main Street, yenye maduka ya zamani na baraza zake. (Bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, lingefaa mno, lakini ni mahali panapolindwa, kamera iache mfukoni.) Chagua saa ya jua kali, ukoleze rangi kidogo, maana vitu vya kuchezea hupakwa rangi za kung'aa. Jihadhari pia na kitu kirefu. Mnara wa saa wa Mbale ukipita kutoka ukanda ulio wazi hadi kwenye ukungu, kichwa chake hufifia na miguu hubaki wazi, ingawa vyote viwili viko karibu umbali mmoja. Hapo mtazamaji mwenye akili hugundua hila.

Liko jambo jingine linalonisumbua kuliko mnara. Katika picha hizi gari huwa kigari, nyumba huwa kijumba, na mtu huwa kijitu. Nasi twajua kwamba katika Kiswahili kijitu si mtu mdogo tu, ni mtu aliyedharauliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakafa. Ninayo picha ya nyumba za kando ya Namatala, niliyoipiga baadaye kutoka juu. Rafiki yangu aliniomba niitie ukungu, tuibandike ukutani shuleni. Nilikataa. Waliofiwa hawakuwa wanasesere.

Yeye akanijibu kwamba picha ya kawaida watu huipitia upesi, lakini hizi zangu huziinamia wakihesabu hata ndoo zilizo uani, na kwamba kwa kuinama hivyo wangeona jinsi mto ulivyo karibu na milango. Hoja yake ina nguvu. Picha bado iko kama nilivyoipiga, na sisi wawili tungali tukibishana.